Mjomba Aliyeacha

Tarehe 14 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naitanguliza mapema ili usije ukasema ualimu umenitoa adabu. Sisi huku wazima, isipokuwa goti la mama, ambalo sasa lina tabia ya mgeni asiyejua kuaga: linasema linaondoka, kisha linakaa. Leo asubuhi amepanga upya kabati la vyombo na kunilaumu mimi kwa sufuria zilizopotea kabla sijazaliwa. Anakusalimu sana. Anauliza kwa nini simu yako haijatengenezwa tangu mwaka juzi, nami nimemjibu kwamba wewe ni mtu wa mwisho duniani anayependa barua, tukuache hivyo hivyo.

Sasa nisikilize. Mwalimu mkuu amenipa kipindi kipya. Kila Ijumaa, dakika arobaini, wanafunzi arobaini na mmoja, nifundishe madhara ya dawa za kulevya, hasa kokeini. Muhula uliopita ufagio wa msafishaji ulitoa vikaratasi vitatu nyuma ya maabara, vimekunjwa vizuri, ndani vina vumbi jeupe. Mwalimu mkuu akavifungia kwenye droo, akaitisha kikao, na kikao kikaamua kwamba mimi, kwa kuwa ni kijana na nafundisha bayolojia, ndiye nitakayewaokoa.

Nimepewa kijitabu cha kurasa kumi na mbili. Ukurasa wa kwanza una picha ya fuvu. Nilipowaonyesha, mtu wa nyuma akasema, "Huyo si mwalimu wa hesabu?" Darasa zima likaangua kicheko, na Mungu anisamehe, nikacheka na mimi, maana kweli wanafanana.

Kuna msichana mmoja wenzake wamempa jina la Maswali, kwa sababu haachi kuuliza. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, wewe umewahi kumwona mtu anayetumia? Si kwenye picha. Kwa macho yako." Nikasema hapana. Nilidanganya, Mjomba. Nilikuwa na miaka minane ulipokuja kukaa chumba cha nyuma, na mama akatuambia una homa. Homa gani ya miezi mitano?

Naomba uwaandikie barua. Waambie ilivyokuwa, nami nitaisoma mbele yao.

Mpwa wako, mwalimu


Tarehe 9 Februari

Mpwa wangu, mwalimu wa walimu,

Marahaba. Mimi mzima wa afya. Mwambie dada goti ni uzee, apokee, asibishane na Mungu. Hapa karakana kazi ni nyingi. Mbele yangu yako meno ya bandia ya juu kumi na manne ya mama mmoja anayemwoza mwanawe mwisho wa mwezi. Amesema asipoyapata ataenda harusini akiwa amefunga mdomo, na mume wake amenisihi kwa siri nisiharakishe. Siku hizi ni mimi ninayesimamia meza tatu. Nina vijana wawili chini yangu. Mmoja anachanganya plasta ya kuchukulia umbo la meno kama anakoroga matope, lakini atafika.

Kuhusu ulichoomba, hapana. Si kwamba nakunyima. Wazee walisema mtoto akililia wembe mpe, lakini wale walikuwa wazee wakali, mimi sitaki kumpa mtoto wa mtu wembe, hata wa karatasi. Ya kale hayanuki. Wafundishe moyo, mishipa, pua, hayo yamo kwenye vitabu vyako. Waambie waogope tu.

Nakumbuka ulivyokuwa unavaa yale meno ya nta niliyokutengenezea, ukamtisha mama yako jikoni. Ulikuwa mtoto mtundu sana.

Mjomba wako


Tarehe 25 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama amecheka ujumbe wako wa goti, kisha akanuna, kisha akacheka tena. Paa la jikoni limeanza kuvuja pale pale ulipolitengeneza, kwa hiyo ufundi wako uishie kwenye meno.

Kuwaambia waogope nimejaribu. Ijumaa mbili nimewaambia. Nimechora moyo ubaoni, nimeeleza jinsi mishipa inavyobanwa, damu inavyopanda, jinsi mtu wa miaka ishirini anavyoweza kuanguka kama mzee. Wameandika vizuri sana kwenye madaftari. Kisha nikapita karibu na ngazi nikamsikia kijana mmoja akimwambia mwenzake, "Mwalimu anasoma tu, hajui kitu." Na ana haki. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni wewe.

Maswali naye kaniuliza, "Mwalimu, wakishaanza, wanatoka wangapi?" Kitabu hakisemi. Nikarudi kwenye mchoro wa moyo. Mjomba, wewe ndiye mtu pekee ninayemjua aliyeingia akatoka. Wanahitaji kumwona mtu kama huyo. Sikuombei fedheha, sitataja hata unapoishi. Ukikataa tena nitaandika mimi mwenyewe ninayoyakumbuka, na ninakumbuka mengi kuliko mnavyodhani wewe na mama.

Mpwa wako anayekupenda na kukutishia


Tarehe 16 Machi

Mpwa wangu,

Umeshinda. Msalimie dada. Hii hapa, wasomee yote.

Wanafunzi wapendwa, mimi ni mjomba wa mwalimu wenu, natengeneza meno ya bandia, na nilipokuwa na miaka ishirini na minne nilikuwa na mikono mizuri kuliko fundi yeyote katika karakana yetu, na hilo sikulisema mimi, walilisema walionichukia. Kazi zilikuwa nyingi kuliko siku. Rafiki yangu wa meza ya pili akanipa kidogo juu ya ukucha, akasema nusa, uchovu utakwisha. Ukaisha. Sitawaongopea, ilikuwa saa nzuri kuliko saa zote za maisha yangu. Nilichonga jino nikaliona mpaka ndani, nikadhani nimepata akili mpya. Ilidumu nusu saa. Baada ya hapo sikutamani chakula, sikutamani mtu, nilitamani ile nusu saa, na kila nilipoirudia ilikuwa fupi kuliko ya jana.

Mwaka ulipopita damu ilikuwa ikinidondoka puani juu ya plasta nyeupe. Moyo ulipiga mpaka shati likacheza. Nikaanza kuwashuku watu. Niliamini rafiki yangu yule yule anabadilisha namba za kazi zangu ili nionekane mjinga, nikamrushia kisu cha kukatia nta, kikalikosa jicho lake kwa upana wa kidole. Mama yangu alifariki katikati ya miaka ile. Mazishini nilikwenda, na kabla hajafukiwa nilikuwa nimeingia msalani mara tatu. Watu walidhani naficha machozi.

Miaka minne nilikaa humo. Nilipofika ishirini na nane dada yangu, mama wa mwalimu wenu, alikuja kunichukua, akanilaza chumba cha nyuma miezi mitano, akakaa mlangoni na mshono wake mkononi. Nikatoka. Leo nina miaka arobaini na saba, nina meza yangu, nina vijana ninaowafundisha kazi. Miaka kumi na tisa sijagusa. Anayetaka kutoka, anatoka.

Mjomba wenu


Tarehe 4 Aprili

Mjomba wangu, bingwa,

Shikamoo mara mbili. Mama hajambo, goti limempa likizo ya wiki nzima na ameitumia yote kutembelea watu asiowapenda.

Mjomba, hungeamini. Niliwasomea yote, kama ulivyoagiza. Pale msalani, mazishini, kijana yule wa ngazi alikuwa ameinamisha kichwa juu ya dawati. Nilipomaliza walipiga makofi. Mwalimu mkuu akaomba nakala, akaibandika ubaoni karibu na ofisi, na wazazi wanasimama kuisoma. Maswali amekaa kiamshakinywa kizima akiinakili kwa mkono. Wanataka uje. Mmoja ameniuliza kama unaweza kumtengenezea meno ya simba.

Na jinsi ulivyoandika! Hukufuta hata neno. Mimi ripoti ya nusu ukurasa naiandika mara tatu. Ungekuwa wewe ndiye mwalimu, mimi nikae na plasta.

Kwa mara ya kwanza tangu nianze kipindi hiki naona kuna mtu nimemsaidia. Njoo likizo ya Agosti, tafadhali. Mama ameshaanza kusema chumba cha nyuma kinahitaji rangi.

Mpwa wako mwenye furaha


Tarehe 30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Karibu miezi miwili hujajibu. Mama anasema una kazi, mimi nasema sawa. Mama hajambo. Paa tumelipiga bati jipya.

Maswali yuko hospitalini. Wiki tatu zilizopita alianguka kwenye mstari wa asubuhi. Tulidhani njaa, maana wiki hizo alikuwa hali, amekonda, anaongea haraka kuliko kawaida yake, na mimi, mwalimu wa Ijumaa, niliona nikasema ni mtihani unamsumbua. Daktari amesema ni kiharusi. Ana miaka kumi na saba. Walipopima damu wakakuta kokeini. Upande wa kulia umelala, na maneno hayatoki. Anajua anachotaka kusema, unaona kabisa anavyolitafuta neno, anafungua mdomo, halafu anageuza uso ukutani.

Mama yake alinipa daftari lake. Hakunigombeza. Alilifungua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole pale, akaniacha nisome. Kwa ule mwandiko wake mzuri ameandika: "Mjomba wa mwalimu. Alianza 24, aliacha 28. Miaka minne, na yuko mzima, ana kazi. Mimi ni wiki sita tu, mpaka mtihani." Chini ya "wiki sita tu" amepiga mstari kwa rula.

Mjomba, tulimpa hesabu. Niliwatafutia mtu aliyerudi ili waogope kwenda, na msichana mwenye akili kuliko wote akaona kwamba watu wanakwenda na kurudi.

Nilikaa naye saa nzima jana. Hakuniuliza kitu.

Nimeisoma tena barua yako. Umeandika "nikatoka", neno moja. Ulitokaje? Nahitaji kujua hasa, kwa sababu darasani kuna watatu wengine ninaowashuku, na mwenzao amelala na wao bado wanasema wataacha wakitaka. Nijibu haraka.

Mpwa wako


Tarehe 27 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kuhusu bati. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara nikaishia kwenye salamu, kwa hiyo leo salamu zinatosha.

Sikutoka.

Ile miezi mitano ya chumba cha nyuma ni kweli, na miezi kumi na minne baada yake nikarudia. Tangu hapo nimeacha wiki, nimeacha miezi mitatu, niliwahi kuacha mwaka mmoja kasoro siku chache. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya karibu miaka kumi na minane, na nimeipitia na mama yako akinishika mkono bila kujua.

Meza tatu hakuna. Karakana ile walinitoa mwaka juzi baada ya kuharibu kazi za wateja sita kwa wiki moja, mikono inatetemeka. Sasa kuna mahali naitwa siku wakizidiwa, nachanganya plasta. Yule kijana anayekoroga kama matope ni mimi. Simu haijaharibika, niliiuza, na hata ningekuwa nayo nisingepiga, maana dada angesikia pua yangu na angejua kabla sijamaliza shikamoo. Meno unayoyaona kwenye picha niliyowatumia nimejitengenezea mwenyewe. Ya kwangu yameondoka yote isipokuwa mawili.

Sasa lililo baya zaidi. Uliniandikia kwamba sikufuta hata neno. Mwalimu mzuri kama wewe ulitakiwa ujiulize kwa nini. Niliiandika ile barua kwa muda wa nusu saa, nikiwa nimetoka kunusa. Kila nilichowaeleza kuhusu damu, kisu na mazishi ya mama ni kweli tupu. Lakini ule utamu wa maneno uliowafanya wapige makofi haukuwa wangu. Uliwasomea watoto barua iliyoandikwa na kitu kile kile ulichokuwa unawakataza. Na nilipofika mwisho nilijisikia vizuri kiasi kwamba niliamini nimetoka. Nilipoandika "kumi na tisa" nililia kwa furaha.

Wewe huna kosa. Uliomba ushahidi wa mtu aliyeacha, na mimi niliona haya kukuambia humjui mtu wa namna hiyo.

Msichana yule sijui nimwombe nini. Usimwambie dada.

Mjomba wako


Tarehe 20 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama nimemwambia. Samahani, nilishindwa, aliniona nikisoma. Hakushangaa. Alisema, "Nilijua. Ndiyo maana sikumwuliza." Kisha akaingia chumba cha nyuma akaanza kubadilisha shuka. Mimi nimekukasirikia siku tisa, nimehesabu. Ya kumi nikachoka.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba tuitoe barua ubaoni. Akasema tukiitoa wazazi watauliza kwa nini, na shule imeshapata sifa. "Iache tu, mwalimu, maneno yake si mazuri?" Nikatoka nje nikaitoa mwenyewe, kucha zikakatika kwenye vibanio. Kwa hilo kipindi changu kimefutwa kuanzia muhula ujao. Zimebaki Ijumaa mbili.

Ijumaa ya juzi niliwaambia kweli. Niliwaambia Mjomba hakuacha, anachanganya plasta, meno yake si yake, na barua mliyoipigia makofi iliandikwa na kokeini. Nilitegemea wapige kelele. Wakafunga madaftari, mmoja mmoja. Dawati la Maswali liko wazi, hakuna anayetaka kulikalia.

Mwishowe yule kijana wa ngazi akasimama. Nilijua ni mmoja wa wale watatu, na yeye alijua ninajua. Akasema, kwa adabu kabisa, "Sasa mwalimu, nani ametoka?"

Sikuwa na mtu. Nimesema nitawaletea jibu Ijumaa ijayo, na nikaenda maktaba, nikasoma kwamba wapo wanaotoka. Imeandikwa hivyo, wapo. Lakini hataki kitabu, anataka mtu, na alivyoniangalia niliona anauliza kwa ajili yake mwenyewe.

Njoo, Mjomba. Sikuombi uje kuongea nao. Njoo ulale tu, mama ametandika. Nikiwa na wewe hapa, hata ukiwa siku ya pili tu ya kuacha, nitakuwa na cha kumwonyesha.

Mpwa wako


Tarehe 18 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie dada goti asilikande kwa maji ya moto sana, na asitandike. Najua nimechelewa, Ijumaa zako zimepita. Barua hii inaingia siku ya nne, na utaona nilivyofutafuta. Ndivyo ninavyoandika nikiwa mwenyewe.

Swali la yule kijana limenikaa. Pale karakana tulioanza kunusa pamoja tulikuwa watano. Rafiki yangu wa meza ya pili moyo ulisimama akiwa na miaka thelathini na mmoja, amekaa kwenye kiti chake, kazi mkononi. Tulimsemesha muda mrefu kabla hatujajua. Aliyekuwa akisambaza meno kwa madaktari alianguka ngazi na hakuna aliyejua kama aliteleza. Mmoja yuko jela, au alikuwa. Mwanamke aliyekuwa akipokea wateja nilisikia ameacha, nikafurahi mwaka mzima, nikawa namsimulia kila mtu habari zake kama wewe ulivyowasimulia wanafunzi wako zangu. Halafu nikakutana naye mahali ambapo watu walioacha hawaendi. Tulisalimiana. Wa tano ni mimi.

Wapo wanaotoka, kitabu chako hakisemi uongo. Mimi sijawaona tu.

Kuhusu kuja, nikija nitakuja na ugonjwa wangu, na safari hii dada hawezi kukaa mlangoni miezi mitano. Nawe usimwambie yule kijana kwamba najaribu. Nimelitumia neno hilo kwa kila aliyenipenda, limechakaa. Ukikutana naye huko shuleni, mwambie lile moja la kweli nililo nalo: leo mjomba wako hajagusa.

Na mwambie pia kwamba naandika hii saa tatu asubuhi.

Mjomba